Uzi wa wapishi wenye haraka: ladha za Thailand na Vietnam kwa vitu vya gengeni

Karai Moto (Arusha)

Wakuu, habari za jioni. Kuna mdau kwenye ule uzi wa mboga za wiki aliniuliza "nyama ya Kithai" niliyoitaja inapikwaje. Nikaanza kumjibu, jibu likarefuka likataka kuupita uzi wenyewe. Nimeona bora nifungue huu.

Nijieleze kwanza, msije mkadhani nimeokoteza mitandaoni. Nilikaa Chanthaburi miezi saba. Ni mji wa mashariki mwa Thailand, na madalali wa mawe humu ndani wanaujua vizuri: safaya za Tunduru, rubi za Winza, spineli za Mahenge, nyingi huishia kwenye meza za mtaa wa vito kule. Mtaa wenyewe huchangamka kuanzia Ijumaa hadi Jumapili. Siku nne zilizobaki dalali mgeni hana pa kwenda, na mimi nilizimalizia jikoni kwa mwenye nyumba wetu, mama mtu mzima tuliyemwita Pa, maana yake shangazi.

Pa alikuwa na jiko moja la gesi, karai moja jeusi, kinu cha udongo na ubao wa kukatia ambao ni kipande cha gogo. Analisha watu sita kwa dakika ishirini. Nilidhani ana mikono ya uchawi, kumbe ni utaratibu tu. Hawashi moto mpaka kila kitu kimekatwa, kimepondwa, kimepangwa kwenye vibakuli. Sisi tunabandika mafuta jikoni ndipo tunamtuma mtoto akanunue kitunguu.

Jambo la pili ni kuonja. Kabla ya kuepua anachota kijiko, anakupa: "Chim!" Yaani onja. Anakusubiri useme. Chumvi ipo? Utamu? Uchachu? Ukali wa pilipili? Kimoja kikipungua anakiongeza hapo hapo, anakupa tena. Nilishaonja mpaka mara nne sufuria moja.

Sasa mahitaji. Angalieni genge la hapo mtaani kwenu: ndimu, pilipili kichaa, saumu, tangawizi, mchaichai, kotimiri, nazi, ukwaju, karanga, papai bichi, embe bichi. Hiyo ndiyo kapu ya Pa karibu yote. Sukari yao ya mnazi badilisha na sukari guru. Mchele wao wa kunukia ukikosekana, wa Kyela haukuangushi. Cha kigeni kabisa ni kimoja: sosi ya samaki, nam pla kwa Kithai, nuoc mam kwa Kivietnam. Ni samaki wadogo jamii ya dagaa mchele, wanalazwa na chumvi kwenye pipa kama mwaka mzima, yanayochuruzika ndiyo hayo. Supamaketi kubwa za mjini zinayo, kwenye rafu za vyakula vya Asia. Usiinuse chupani. Narudia, usiinuse. Niliporudi nyumbani chupa ilipasukia begini, suti yangu pekee niliigawa.

Tuanze na nyama ya kusaga, wao wanaita pad krapao. Watu wawili:

Ponda kwenye kinu punje sita za saumu na pilipili kichaa tano (au moja, kila mtu na roho yake). Usisage kwenye blenda, itatoa maji na haitakaangika. Karai lipate moto mpaka mafuta yaanze kufuka, mwaga mchanganyiko, geuza sekunde kumi na tano hivi, utapiga chafya, ni kawaida. Tia nyama robo kilo ya kusaga, itandaze, iache kama dakika moja bila kuigusa ishike rangi. Halafu ivunjevunje. Kijiko kimoja cha chakula cha sosi ya samaki, kimoja cha sosi ya soya, kimoja cha chai cha sukari, maji kidogo ya kulainisha. Zima jiko. Sasa tupia konzi mbili za majani ya mrehani, yanywee yenyewe kwa joto lililobaki. Weka juu ya wali. Pembeni kaanga yai kwenye mafuta mengi mpaka kingo zikauke ziwe kama pazia la lesi, kiini kibaki kibichi. Kinapasukia kwenye nyama, ndiyo inakuwa mchuzi.

Dakika kumi, wali ukiwa tayari. Kesho nikipata muda naongeza.

Mzee wa Supu

Uzi bila picha haunogi mkuu. Halafu nimeelewa vizuri au? Samaki waliooza mwaka mzima, nimimine kwenye nyama yangu niliyonunua kwa hela?

Karai Moto

Mzee, wewe si ndiye uliyesifia ng'onda na papa wa chumvi kwenye uzi wa Eid? Papa yule ananuka mpaka jirani anafunga dirisha, ukimtia kwenye tui unalamba vidole. Hapa ni ndugu wa ukoo mmoja, tofauti huyu yuko kwenye chupa.

Mwana Tanga

Swali la majani. Huku kwetu mrehani wanapanda kina mama kwa harufu, lakini kilichojaa uani ni kivumbasi, kile cha kufukuzia mbu na kujifukiza mafua. Si jamii moja?

Karai Moto

Jamii moja, tabia tofauti. Krapao yenyewe, yaani mrehani wa Kithai, ina harufu ya karafuu kwa mbali, na kivumbasi nacho kinayo, tena kwa nguvu. Nimekijaribu. Majani matano machanga yaliyokatwa yanatosha, ukitia konzi utadhani umekula dawa. Mimi nachanganya: mrehani konzi, kivumbasi majani mawili matatu. Pa angenicheka, lakini Pa yuko mbali.

Ummu wa Kisauni (Mombasa)

Assalaam aleikum jamani. Mie nimefurahi kuuona uzi huu, wanangu wananisumbua na mchuzi wa kijani wa Kithai waliokula hotelini wakaulipia pesa nyingi. Mambo mawili. Kwanza, hiyo sosi ni halali? Pili, nimejaribu mchuzi wenyewe kwa tui langu la kukuna kwa mbuzi, ukawa mtamu lakini si ule. Ukawa ni mchuzi wa nazi tu wenye rangi ya kijani.

Karai Moto

Waaleikum salaam mama. Sosi ni samaki na chumvi, wakati mwingine sukari kidogo. Chupa nyingi za Thailand zina alama ya halali kwenye lebo, kule wana Waislamu wengi, hasa kusini, Pattani, Yala na Narathiwat. Angalia lebo roho itulie.

Kuhusu mchuzi, niambie tui umelitiaje?

Ummu wa Kisauni

Kama tunavyotia siku zote. Nimekaanga viungo kwa mafuta, nikatia kuku, tui jepesi likachemka, tui zito nikalimalizia mwisho, nikakoroga lisikatike.

Karai Moto

Hapo ndipo penyewe mama. Wao wanaanza na tui zito na wanataka likatike. Sisi pwani tui likikatika ni aibu, mpishi anajificha. Pa alikuwa anamimina tui zito karaini kikombe kimoja, hakuna mafuta mengine, analichemsha mpaka linaanza kutoa mafuta, unaona matone yanang'aa juu na sauti inabadilika, kuchemka kunakuwa kukaanga. Hapo ndipo anatia viungo vilivyopondwa, anavikaanga kwenye hayo mafuta ya nazi mpaka harufu ikufuate sebuleni. Kisha kuku, kisha tui jepesi, mwisho majani na chumvi yake.

Hilo tui la mbuzi ulilonalo ndilo linafaa kuliko yote. Tui la kopo mara nyingi limetiwa vitu vya kulizuia lisijitenge, utachemsha mpaka gesi iishe. Kwa hiyo wewe wa Kisauni una faida kuliko mtu wa Ulaya mwenye duka la Kithai chini ya nyumba yake.

Viungo vya kijani: pilipili za kijani sita au nane (toa mbegu kama kuna watoto), mabua mawili ya mchaichai sehemu ya chini tu, saumu punje tano, vitunguu vidogo vitatu, tangawizi kipande cha kidole gumba, giligilani kavu kijiko cha chai, bizari nyembamba nusu yake, pilipili manga kidogo, maganda ya ndimu yaliyoparuzwa bila ile nyeupe. Na mizizi ya kotimiri! Ile tunayokata na kutupa. Isugue mchanga utoke, iponde pamoja na vingine. Harufu ya chakula cha Kithai robo yake iko kwenye hiyo mizizi. Nilipomwambia Pa kwetu tunaitupa aliniangalia kama nimemwambia tunatupa rubi.

Mwisho kijiko kimoja cha uduvi mkavu uliosagwa. Wao wana tope la uduvi wa chumvi linaitwa kapi, uduvi wetu wa kukausha unafanya kazi hiyo hiyo.

Ummu wa Kisauni

Subhanallah, tui zito mwanzo! Marehemu bibi yangu angesimama kaburini. Dania mie nanunua na mizizi yake kila siku, naitupa kila siku. Na tangawizi, hakuna ile khulinjani? Mizizi mikavu ile inayouzwa na wauza dawa za kiasili, waimbaji wanaitafuna kwa ajili ya sauti.

Karai Moto

Mama wewe ni hazina. Ndiyo yenyewe, wao wanaitumia mbichi, wanaiita kha. Ile supu ya kuku na nazi, tom kha, jina lake limetokana na huo mzizi. Mkavu ni mgumu kama kuni, haupondeki. Ukipika supu tia vipande viwili vichemke humo, uvitoe kabla ya kula. Kwenye viungo vya kuponda baki na tangawizi. Na majani machanga ya mndimu, yale tunayotia kwenye chai, yakunje katikati, toa ule uti, tupia mawili kwenye supu.

Fundi Mnara (Dodoma)

Naona Thailand imetawala uzi, ngoja niwakilishe Vietnam. Mimi ni fundi wa minara. Viettel, kampuni ya simu ya Vietnam, walipoleta mtandao wa Halotel mwaka 2015, tulizunguka vijijini na mafundi wao, Singida, Tabora, Katavi, huko ambako hoteli ni chai na chapati. Jamaa walikuwa na sanduku moja: sufuria ya wali, kisu, chupa ya nuoc mam, ndimu, sukari. Kijijini wananunua kuku, majani yoyote yanayoliwa mabichi na tambi wametoka nazo mjini. Nusu saa, watu wanakula vizuri kuliko mkuu wa wilaya.

Tofauti niliyoiona na maelezo ya Karai Moto: hawa hawapigi pilipili ya kukuliza. Pilipili inakaa pembeni, anayetaka anajitilia. Ladha wanaiweka kwenye kibakuli cha kuchovya, chakula chenyewe unaweza kukiona kimepooza. Kibakuli hicho, nuoc cham, ndicho nimejifunza nacho maisha:

Sukari vijiko viwili, maji ya uvuguvugu vijiko saba au vinane, koroga iyeyuke. Ndimu vijiko viwili. Onja hapo kwanza, iwe kama juisi ya ndimu unayoweza kuinywa. Ndipo utie sosi ya samaki vijiko viwili, saumu punje moja na pilipili moja vilivyokatwa vidogovidogo. Ukitia saumu mwisho inaelea juu, inapendeza. Inakaa kwenye friji wiki nzima. Nachovea mihogo, samaki wa kukaanga, sambusa, hata viazi. Mke wangu anamwagia kwenye kachumbari na kachumbari ya kawaida haipiki tena.

Mlo wa haraka wa kibakuli hicho ni mishkaki ya mchaichai. Nusu kilo ya nyama laini, katakata nyembamba kuliko mishkaki ya kawaida. Mabua mawili ya mchaichai, chukua sehemu nyeupe, katakata mpaka iwe kama chicha, usiwe mvivu hapa, ikibaki vipande inachoma fizi. Saumu nne, kitunguu kidogo, sosi ya samaki vijiko viwili, sukari kijiko kimoja na nusu, mafuta kijiko. Kaa nayo nusu saa wakati mkaa unashika. Sukari inafanya nyama iungue kidogo kingo, ndiyo utamu. Chini weka tambi nyembamba za mchele, hizo hazipikwi, zinamwagiwa maji ya moto dakika tatu hadi tano, unazisuuza kwa maji baridi. Matango, karoti, majani ya saladi, nanaa nyingi, karanga za kukaanga zilizotwangwa. Mwagia kibakuli chote. Wanaita bun thit nuong.

Karanga badilisha na korosho ukiwa na uwezo. Korosho ghafi za Mtwara zinasafirishwa mpaka Vietnam kubanguliwa, angalau hapa tuzile kabla hazijapanda meli.

Mzee wa Supu

Fundi sasa unaongea lugha yangu. Mishkaki nimeelewa. Vipi ile supu yao ya tambi, pho? Inapikwa dakika ngapi?

Fundi Mnara

Mzee, pho haiko kwenye uzi huu. Mifupa ya ng'ombe inachemka saa sita na zaidi, tangawizi na kitunguu unavibabua kwanza kwenye moto mpaka viwe vyeusi nje, mdalasini, karafuu, kile kiungo chenye umbo la nyota. Anayekwambia ana pho ya dakika ishirini amekupa maji ya moto yenye tambi. Lakini kwa jina lako wewe naamini mifupa hulala jikoni kwako, kwa hiyo supu yako ya asubuhi ichuje mafuta, tia vitu hivyo nusu saa ya mwisho, sosi ya samaki badala ya chumvi, mimina kwenye tambi, juu nyama mbichi iliyokatwa kama karatasi iive kwa joto la supu, ndimu, kotimiri. Si pho, ila haina aibu.

Samaki Mbichi (Mwanza)

Nina kambare. Kuna cha kufanya zaidi ya kumkausha?

Fundi Mnara

Umeuliza kwa mwenyewe! Kambare ndiye mwenye sahani hii kule kusini kwenye Mto Mekong. Ca kho to. Sufuria nzito au chungu, sukari vijiko vitatu na kijiko cha maji, moto wa wastani, usikoroge, zungusha chombo. Sukari itakuwa rangi ya asali, halafu rangi ya chai ya rungi iliyokolea. Hapo hapo mimina maji ya dafu moja (simama mbali, itaruka), sosi ya samaki vijiko vitatu, saumu, pilipili kichaa nzima mbili, panga vipande vinene vya kambare. Moto mdogo nusu saa au dakika arobaini mpaka mchuzi ung'ang'anie samaki. Pilipili manga ya kusaga usiione huruma. Dakika unazosimama jikoni ni tano tu, zilizobaki unaangalia mpira.

Samaki Mbichi

Nimerudi. Mchungu kama mwarobaini. Nimefuata kila kitu, dafu sikupata nikatia maji. Watoto wamekula wali na chumvi.

Fundi Mnara

Pole sana mkuu. Dafu si kosa. Sukari ilikuwa rangi gani ulipotia maji?

Samaki Mbichi

Nyeusi. Nilikuwa nakata kambare.

Fundi Mnara

Basi ni yale ya Pa wa Karai Moto: kata kambare kwanza, jiko baadaye. Kutoka rangi ya chai hadi masizi ni sekunde chache, na chombo chenyewe bado kina moto hata ukiepua. Kikombe cha maji kiwe mkononi kabisa. Mara ya kwanza mimina mapema, bora iwe na rangi hafifu kuliko iungue. Na ikiungua mwaga uanze upya, sukari ya vijiko vitatu si hasara kama kambare mzima.

Mpita Njia wa Muscat

Salamu kutoka Oman. Wanaoishi huku Ghuba, msihangaike kutafuta duka la Kithai. Nendeni duka la Wafilipino, wana sosi hiyo hiyo wanaiita patis. Ni ya chumvi zaidi kidogo kwa ulimi wangu, punguza. Mimi napenda kujua kuhusu ile saladi ya papai, nilionjeshwa na majirani, nikalia machozi nikaomba tena.

Karai Moto

Som tam. Asili yake kwa watu wa Isan, kaskazini mashariki ya Thailand, na majirani zao Walao. Hii haina moto kabisa, mtungi wa gesi ukiisha ndiyo siku yake.

Papai liwe bichi kweli, ndani jeupe. Limenye, lishike mkononi, lipigepige kwa ncha ya kisu kama unalichanja, kisha likwangue, vinatoka vijiti virefu visivyolingana. Kikwaruzo cha karoti kinafanya kazi lakini papai linakuwa laini mno, halikoromi ukitafuna. Kinuni: saumu mbili, pilipili kadiri ya dhambi zako, sukari guru kijiko, ponda. Kunde mbichi mbili tatu zilizokatwa vipande vya kidole, nyanya ndogo mbili, zivunje kidogo zitoe maji. Uduvi mkavu kijiko, karanga. Sosi ya samaki kijiko kimoja na nusu, ndimu mbili. Mwisho papai konzi mbili, mkono mmoja unapiga mchi taratibu, mwingine unageuza na kijiko. Unapondaponda kidogo tu, husagi. Sauti ya Pa ilikuwa pok-pok, pok-pok, jirani akiisikia anakuja na wali wake.

Papai lisipokuwepo, embe bichi. Na hapo ndipo nilipocheka siku ya kwanza, maana embe bichi la chumvi na pilipili tumelila wote nje ya geti la shule. Hapa lile embe la utotoni limekua, likaongezewa karanga, kitunguu na sosi ya samaki.

Mwana Tanga

Na pad thai, zile tambi za kukaanga? Ndiyo pekee ninayoijua kwa jina.

Karai Moto

Nayo nitaisema kwa kifupi kwa sababu binafsi naiona inasifiwa kupita kiasi. Ni ya karibuni kwa umri wa vyakula, serikali ya waziri mkuu Plaek Phibunsongkhram ndiyo iliyoivalia njuga kwenye miaka ya 1930 mwishoni na 1940, wakati ule ule nchi ilipobadili jina kutoka Siam mwaka 1939. Watu wa Chanthaburi wanajivunia jambo moja, tambi zake bapa zinaitwa sen chan, na chan hiyo ni Chanthaburi.

Rojo lake: ukwaju mzito vijiko vitatu, sukari guru vijiko viwili vilivyojaa, sosi ya samaki vijiko viwili, chemsha kidogo iyeyuke. Tambi loweka maji ya kawaida mpaka zipinde bila kukatika, usichemshe. Karaini kamba au kuku, tambi, rojo, sogeza pembeni vunja yai, changanya, tupia choroko zilizoota na majani ya kitunguu. Choroko otesha mwenyewe: loweka usiku, weka kwenye chujio chini ya kitambaa kibichi, suuza kutwa mara tatu, siku ya tatu au ya nne unazo. Kosa la watu wote ni kupika sahani nne kwa mkupuo. Karai linapoa, tambi zinakuwa ugali. Sahani moja moja au mbili, hata kama wageni wanapiga kelele.

Kipato cha Chini

Sisi wa wilayani ambako supamaketi ni kioski, hiyo sosi tunaibadilisha na nini? Chumvi haitoshi?

Karai Moto

Chumvi itakupa chumvi. Utakula, utashiba, lakini utauliza mbona.

Fundi Mnara

Chupa iliwahi kutuishia Katavi, mwenzangu mmoja alifanya hivi: konzi ya dagaa wakavu wa chumvi, maji kikombe, sosi ya soya kidogo, chumvi, akachemsha mpaka ikabaki robo kikombe, akachuja kwa kitambaa. Alikunja uso kidogo, akasema itapita. Ikapita. Kwenye nyama ya kukaanga na ca kho hutatambua. Kwenye kibakuli cha kuchovya utatambua, ina vumbi la dagaa.

Ukibahatika kununua, angalia lebo: ziwe samaki na chumvi, na zile zenye namba kama 30N au 40N, namba ikiwa kubwa ndivyo sosi ilivyo nzito, tia kidogo. Ile ya kisiwa cha Phu Quoc jina lake lilisajiliwa kulindwa na Umoja wa Ulaya mwaka 2012, ni ghali, mimi naiweka ya kuchovya tu. Ya kupikia nanunua ya bei rahisi. Chupa inanidumu miezi minne.

Ummu wa Kisauni

Nimekuja na majibu. Leo nimepika mchuzi wa kijani kwa mpangilio wenu. Tui zito likachemka, nikaona linakatika, mkono ukataka kwenda kuzima wallahi, nikajizuia. Mafuta yakatoka kweli. Nikatia viungo, nikakaanga, binti yangu akatoka chumbani na simu masikioni kuuliza tunapika nini. Kuku, biringanya ndogo, tui jepesi, mrehani. Sosi nilitia vijiko viwili. Baba watoto kauliza kama ni mchuzi wa harusini.

Mchuzi una kasoro moja. Nilikamulia ndimu ukiwa bado unatokota, nao ukawa na uchungu wa mbali, si uchachu. Nilipoonja hapo mwanzo haukuwa hivyo.

Karai Moto

Hongera sana mama. Mchuzi wa kijani wenyewe hauhitaji ndimu, chumvi na utamu vinatosha. Kwa supu na saladi ndimu inakamuliwa chakula kikiwa kimeshaepuliwa, moto unaua ile harufu na kuacha uchungu. Pa alikuwa anaikamulia ndani ya bakuli la mlaji, kisha anamwagia supu juu yake.

Kama mchuzi umebaki, kesho asubuhi uupashe na utie tambi za mchele humo humo. Usitie ndimu.

Ummu wa Kisauni

Ubaki wapi? Wamepangusa mpaka sufuria kwa mkate.

Mzee wa Supu

Na picha hamna.